Deni la Mwezi wa Nne

Kila mwaka, tarehe 1 Aprili, uvuvi wa omena hufungwa katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na haufunguliwi mpaka tarehe 31 Julai ipite. Sababu yake ni njema: omena wazaane, na wadogo wapate kukua. Katika bichi ya Usenge nyavu za matundu madogo hukunjwa, taa hurudishwa ndani, na wanawake wanaoanika omena hubaki na turubai tupu. Wenye nyavu za aina nyingine huhamia mbuta na ngege. Wengine hurudi shambani, au hutafuta vibarua mjini Bondo, au hukaa tu.

Tuseme mwenye boti ya omena amekopa ili anunue injini, na rejesho lake ni shilingi 12,000 kila mwezi kwa miezi 24. Katika miezi 24 yoyote inayofuatana, ufungaji huo utamwangukia mara mbili. Hiyo ni miezi minane. Kwa theluthi nzima ya muda wa deni, chombo kilichonunuliwa kwa deni hilo kimekatazwa na sheria kufanya kazi ambayo kilinunuliwa kwa ajili yake. Na miezi kumi na sita inayosalia si mizima. Omena huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwavuti, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa mfululizo mpaka giza lirudi. Ondoa siku hizo. Ondoa na usiku wa dhoruba, na siku ambazo boti inatoka na kurudi na samaki wasiotosha hata kulipia petroli. Karatasi ya mkopo haina habari ya haya yote. Ina safu ya tarehe, na mbele ya kila tarehe kiasi kilekile, Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Kenya, mkopo ukikaa zaidi ya siku 90 bila kulipwa huingizwa katika kundi la mikopo mibaya, na jina la mkopaji laweza kupelekwa kwa kampuni zinazotunza rekodi za wadeni. Kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ni siku 122. Serikali imemwambia mvuvi wa omena akae siku 122 bila kutia wavu majini, na taasisi ya nchi hiyohiyo imemwambia mkopeshaji kwamba asiyelipa kwa siku 90 ni mdeni mbaya. Siamini kwamba kuna aliyekaa akapanga hivyo kwa nia mbaya. Watu wa samaki na watu wa fedha hawajawahi kuketi meza moja wakalinganisha kalenda zao, basi, na mzigo wa kutolingana huko anaubeba mwenye injini.

Nimeanza na hesabu kwa kusudi. Tukizungumzia madeni ya muda mrefu katika mwambao huu, huwa tunakimbilia tabia za watu: huyu mwaminifu, yule mlevi, wavuvi hawajui kuweka pesa, pesa ya ziwa haikai. Nimeyasikia maneno hayo Kisumu yakisemwa na watu wema, waliosoma, wenye nia ya kusaidia. Siyakubali. Walevi wapo, kama walivyo kila mahali penye mishahara na pasipo na mishahara. Lakini mtu anayeshindwa kulipa mwezi wa Juni, hali kushindwa kwake kulikuwa kumeandikwa tayari ndani ya mkataba siku alipotia sahihi, hakushindwa kwa sababu ya tabia. Mkataba wake ulidai kitu ambacho ziwa halina.

Usenge si bichi peke yake. Ni mji mdogo wa Yimbo, katika Kaunti ya Siaya, wenye soko, shule ya upili, makanisa, waendesha bodaboda, na boti za abiria zinazokwenda na kurudi kisiwa cha Mageta. Humo mna watu wanaoishi kwa kalenda mbili tofauti huku wakipanga nyumba katika ua mmoja. Mwalimu, muuguzi na askari hulipwa mwisho wa mwezi. Mchuuzi wa omena, mvuvi, fundi wa boti na kijana wa pikipiki hulipwa leo, kesho wakose, keshokutwa wapate mara mbili. Mkopo wa muda mrefu kama tunavyoujua ulitengenezewa wale wa kwanza. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilileta mshahara wa mwezi, na mshahara ukaleta desturi zote zinazoufuata: kodi ya nyumba ya mwezi, karo ya muhula, na baadaye rejesho linalokatwa kabla pesa haijamfikia mwenyewe. Kwa mwalimu, deni la miaka minne ni jambo linalobebeka. Linamuuma, lakini linamuuma kiasi kilekile kila mwezi, na mtu huzoea uchungu usiobadilika. Kwa mvuvi, deni hilohilo ni jepesi mwezi wa Septemba na haliwezekani mwezi wa Mei.

Lakini ziwa halijawahi kukosa namna ya kulipia mtaji. Boti ikirudi na samaki wakauzwa, kwanza hutolewa gharama za safari: petroli, taa, chakula. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Viwango hutofautiana kati ya bichi na bichi, hata kati ya boti na boti, ila msingi ni mmoja: vyombo vina fungu lao, na jolupo, yaani wavuvi wenyewe, wana lao. Mwenye boti, wuon yie kama anavyoitwa hapa, huchukua fungu la vyombo hata kama alikuwa amelala nyumbani usiku kucha. Wageni huona hilo kama unyonyaji, na mara nyingine ni unyonyaji kweli, hasa fungu la vyombo linapokuwa kubwa kupita kiasi. Lakini tazama jinsi linavyofanya kazi. Injini hulipwa siku ambayo injini imeleta kitu. Samaki wakiwa wengi, fungu lake ni kubwa. Wakikosekana, injini hailipwi, na wala haimkuti mvuvi nyumbani kwake kumdai ya jana. Mtaji na watu hula pamoja na hulala njaa pamoja.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu naona kwamba watu wa mwambao walishalitatua swali ambalo wakopeshaji bado wanalitaabikia. Walijiuliza: kitu cha thamani kubwa, kinachodumu miaka, kilipiwe vipi na watu wasiojua kesho watapata nini? Wakajibu: kilipiwe kwa sehemu ya kinachopatikana. Hawakuandika popote. Hawakuhitaji mwanasheria. Tena mgao huo una nidhamu kali kuliko ya tarehe, maana hufanyika mbele ya macho ya wote, mchangani, samaki wakiwa bado wabichi, na mtu akificha ndoo moja, kesho hapati wa kwenda naye.

Mtu ataniuliza: kama ni hivyo, mbona tajiri wa samaki aliyekuja na mtaji unaosubiri hakuwaletea wavuvi neema? Swali hilo ni la haki na silikwepi. Biashara ya mbuta iliponoga katika miaka ya 1980 na 1990, viwanda vya minofu vilipojengwa na samaki wa hapa kuanza kupelekwa Ulaya, mawakala walifika kwenye bichi na nyavu, injini na barafu. Hawakudai hatimiliki ya shamba. Hawakuweka tarehe. Mvuvi alichukua wavu, na deni likasubiri mpaka apate samaki. Sharti lilikuwa moja tu: wakala huyo auziwe samaki wote, kwa bei yake. Upole wa muda ulilipiwa kwa bei. Mtu aliweza kukaa miaka akilipa wavu ambao ulikwisha kuoza, kwa sababu kila kilo aliyouza ilikuwa chini ya thamani yake na hapakuwa na daftari lililomwonyesha amelipa kiasi gani. Kisha mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Wadeni wengi wakabaki na deni na mnunuzi mmoja asiyenunua.

Na lipo deni baya kuliko hilo, ambalo mwambao mzima unalijua kwa jina la jaboya. Mwanamke asiye na pesa ya kumtangulizia mvuvi, ili awe na hakika ya kupata samaki boti ikifika, ametakiwa alipe kwa mwili wake. Siaya na kaunti jirani zimelipa gharama ya desturi hiyo kwa UKIMWI, kwa makaburi na kwa yatima. Nalitaja hapa kwa sababu hilo nalo ni mapatano ya muda mrefu. Mwanamke anayeingia humo haingii kwa samaki wa siku moja. Anaingia ili apate samaki mwaka mzima. Mama huyo akipata mtaji wake mwenyewe, hata mdogo, wenye masharti anayoyaweza, anaacha kuwa na haja ya mapatano hayo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mkopo unaofuata msimu ni jambo dogo la kiofisi, ninamfikiria mama huyo.

Kwa hiyo sisemi muda ulegezwe na mengine yaachwe gizani. Nasema muda ufuate ziwa, na bei iandikwe wazi. Hayo mawili yanawezekana pamoja. Rudi kwa yule mwenye injini. Shilingi 12,000 mara 24 ni 288,000. Kiasi hichohicho kikigawanywa kwa miezi kumi na sita iliyo wazi, ni 18,000 kwa mwezi. Atalipa 18,000 kuanzia Agosti hadi Machi, wakati boti inatoka, na kuanzia Aprili hadi Julai hatadaiwa kitu. Mkopeshaji atasema riba inaendelea kukua katika miezi ya kusubiri. Ni kweli. Basi iongezwe, ihesabiwe, iandikwe. Mvuvi ataweza kuilipa riba hiyo. Kinachomshinda ni 12,000 za mwezi wa Mei, ambazo atazitafuta kwa mkopo wa simu wa siku thelathini, aulipe huo kwa mwingine, hata Agosti ikifika anaingia ziwani akiwa na madeni matatu badala ya moja.

Wala hili si jambo geni Kenya. Upande wa pili wa Kisumu, kule Muhoroni na Chemelil, muwa hukaa shambani mwaka na nusu, wakati mwingine miwili, kabla haujakatwa. Hakuna aliyewahi kumdai mkulima wa miwa alipe mbegu na mbolea kila mwezi kwa mazao yasiyokuwapo. Gharama hukatwa muwa unapofika kiwandani. Mkulima wa miwa ana malalamiko yake mengi, ya malipo yanayochelewa na viwanda vinavyofungwa, lakini angalau kalenda ya deni lake inajua kwamba muwa hukua polepole. Shirika la Fedha za Kilimo liliundwa mwaka 1963, na tangu hapo nchi hii inajua maana ya mkopo wa msimu. Nchi kavu msimu unaeleweka. Majini hauonekani, na usioonekana hausamehewi.

Hata vijana wa teknolojia waliligusa jambo hili. Taa za jua zilizoanza kuuzwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu zilikuwa na sharti rahisi: ukilipa, taa inawaka, usipolipa, inazimika mpaka utakapopata. Zile siku za giza hazikuongezewa faini, zilisogeza tu mwisho wa deni mbele. Familia iliyokosa wiki moja ilikaa gizani wiki moja, ikaendelea. Pikipiki za mkopo zilipofuata, nyingi zilichukua ile sehemu ya kulipa kila siku na kuacha ile ya kusubiri. Kijana anayelipia pikipiki kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, awe mzima au yuko hospitali, ana deni la kila siku lisilo na siku ya mapumziko.

Sasa nije kwenye dhamana, kwa maana deni refu halisimami bila kitu cha kushikwa, na Yimbo kitu hicho mara nyingi ni ardhi.

Mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilipopitisha Mpango wa Swynnerton, mojawapo ya hoja zake ilikuwa hii: mkulima Mwafrika apewe hati ya shamba lake, na hati hiyo aitumie kukopa. Hoja ilionekana safi. Ardhi ambayo haikuwa na karatasi ilikuwa mali iliyolala; karatasi ingeiamsha. Hati nyingi zilifika Nyanza baada ya Uhuru, na watu wakaanza kukopa juu yake. Mwanaanthropolojia Parker Shipton alitumia miaka mingi akichunguza mikopo na amana miongoni mwa Waluo, na mwaka 2009 akatoa kitabu alichokiita *Mortgaging the Ancestors*, yaani kuwaweka mababu rehani. Jina hilo lilitosha kueleza tatizo. Katika boma la Mluo, mababu wamezikwa nyumbani. Kaburi la baba liko hapo, la mama liko hapo, na mahali pa mwana pamekwisha kujulikana. Anayeweka rehani shamba anaweka rehani makaburi. Mkopo uliposhindikana na dalali akaja na nyundo yake, mara nyingi alikosa mnunuzi, kwa sababu nani atanunua nyumba ya wafu wa mwenzake akalala ndani usingizi mzuri? Jirani hangethubutu, na mgeni angekaribishwa vibaya.

Wakopeshaji wengi walijifunza kutokana na hilo kwamba ardhi ya huku haifai kuwa dhamana, wakaondoka. Mimi najifunza jambo lingine. Mtu aliyepeleka hati benki aliahidi kwa niaba ya watu wengi kuliko aliyeweza kuwasemea. Aliahidi kwa niaba ya mke wake, aliyelima shamba hilo na ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi. Aliahidi kwa niaba ya ndugu waliokuwa Mombasa na Nairobi na ambao wangetaka kuzikwa hapo. Aliahidi kwa niaba ya watoto. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ililiona hilo kwa sehemu: rehani juu ya nyumba ya familia si halali bila sahihi ya mume na mke. Ni hatua kubwa, na kila mwanamke wa Usenge anapaswa kuijua kabla ya kuletewa karatasi jioni, chakula kikiwa mezani, akaambiwa, "Mama watoto, hebu weka sahihi hapa, ni mambo ya benki tu." Sahihi hiyo si ya adabu. Ina nguvu ya kukataa. Anayo haki ya kuomba karatasi isomwe yote, kwa lugha anayoielewa, mchana, na ya kuuliza kitatokea nini mume akifa katikati ya deni.

Swali la kifo hatupendi kuliuliza, nasi tuko mahali ambapo boti hupinduka. Injini huibwa. Injini nyingine hunyakuliwa pamoja na boti na maafisa wa Uganda, kwa madai kwamba mvuvi amevuka mpaka. Wavuvi wa upande huu wamelalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Chombo kimekwenda, deni limebaki nyumbani. Mkopo wa miaka miwili juu ya chombo kinachoelea, bila bima ya chombo wala ya maisha ya mwenyewe, ni mkopo ambao mjane atakuja kuusoma peke yake.

Wazee wetu walikuwa na deni refu kuliko yote haya, na hawakuliogopa. Ng'ombe wa nyombo, mahari yetu, hawatolewi siku moja. Wanatolewa kwa awamu, kwa miaka, wengine wakati bibi na bwana wana wajukuu. Kuna waliomlipia mama yao baada ya baba kufa. Deni hilo halikuwa na tarehe, lakini halikusahauliwa hata kidogo, na wala nia yake haikuwa kulimaliza haraka. Familia mbili zilizodaiana ziliendelea kutembeleana. Sifikirii kwamba benki inaweza kuwa mkwe. Ninachokiona ni kwamba watu wanaoambiwa hawawezi mipango ya muda mrefu wametunza hesabu za ng'ombe kwa vizazi vitatu, bila daftari.

Ushahidi mwingine ni wa mwanamume wa Bondo tunayemkumbuka kwa siasa. Mwaka 1947 Oginga Odinga, aliyekuwa ameacha ualimu, alisajili kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation. Aliwaomba watu wa kawaida, wakulima, makarani na wafanyakazi wa mishahara midogo, wanunue hisa. Hisa ni ahadi ndefu kuliko mkopo: unatoa pesa yako leo na hujui itarudi lini. Kutokana na hisa hizo walijenga Ramogi House mjini Kisumu, wakawa na mtambo wa kuchapa. Kampuni haikuwatajirisha wanahisa wake, na kuna waliovunjika moyo. Lakini watu walikubali kusubiri kwa sababu waliona matofali yakipanda, na kwa sababu aliyewaomba alikuwa amejitia ndani pamoja nao.

Hicho cha mwisho ndicho ninachokipenda katika vyama vya akiba na mikopo, pamoja na uzito wake wote. Ukikopa katika sacco au katika chama cha wanawake kinachofungua sanduku mezani kila wiki, wadhamini wako ni watu unaokutana nao kisimani. Nimeweka sahihi ya udhamini zaidi ya mara moja, na nitaiweka tena, kwa watu ninaowajua. Kudhamini ni kujifunga kwa miaka katika maisha ya mtu mwingine: akiugua, unaugua naye, akifutwa kazi, mshahara wako ndio unaokatwa. Ni mzigo mkubwa kupita kiasi kwa sahihi inayotolewa kwa haraka kwenye korido. Lakini mdhamini anajua Aprili ni nini. Katika kikundi cha wauza omena hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mwenzao hana kitu mwezi wa Juni. Wote hawana. Ndiyo maana vikundi vingi huongeza makato wakati omena ni wengi na kulegeza msimu ukifungwa, bila kuandika barua yoyote.

Kuna mapatano makubwa yaliyotiwa sahihi karibu na Usenge, na hayakutiwa na wavuvi. Nyuma ya Yimbo kuna Kinamasi cha Yala, na mwaka 2003 mabaraza ya Siaya na Bondo yaliingia mapatano na kampuni ya Kimarekani, Dominion Farms, ya kuikodisha hekta zipatazo 6,900 za kinamasi hicho kwa miaka 25. Watu waliokuwa wakikata mafunjo, kulisha ng'ombe na kulima pembezoni mwake walikuta ahadi imekwisha kutolewa kwa niaba yao. Mwaka 2013 mabaraza hayo yalivunjwa, serikali za kaunti zikachukua nafasi yake. Miaka michache baadaye kampuni nayo ikaondoka. Miaka 25 ilikuwa bado haijatimia, na wote wawili walioahidiana hawakuwapo tena. Waliokuwapo ni wale wa pembezoni, ambao hawakuwa na sahihi.

Na sasa vizimba vya samaki vimejaa. Ukisimama ufukweni kuanzia Usenge kwenda Anyanga unaviona vimepangwa majini, na kaunti ya Siaya ndiyo yenye vizimba vingi kuliko nyingine zote za ziwa upande wa Kenya. Vikundi vya vijana na vya akina mama vinashawishiwa vikope. Ngege wa kizimbani huchukua miezi sita, saba au minane kufikia ukubwa wa kuuzwa, na katika miezi hiyo yote hula chakula cha kununua kila siku. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji yasiyo na oksijeni ya kutosha yalipanda kutoka chini ya ziwa, na samaki wa vizimbani wakafa kwa wingi sehemu kadhaa za mwambao wa Kenya. Wapo walioamka wakakuta kazi ya miezi imeelea, matumbo juu.

Kikundi kikiniuliza leo kama kikope kwa ajili ya kizimba, sitakiambia kikatae. Nitakiomba kipeleke mezani karatasi yake mwenyewe kabla ya kusoma ya mkopeshaji. Iandikwe kwamba rejesho la kwanza halidaiwi mpaka samaki wa kwanza wauzwe. Iandikwe bei kamili ya kusubiri huko, kwa shilingi, isifichwe katika bei ya chakula wala katika sharti la kumuuzia mtu mmoja. Iandikwe nani anakata bima, na inalipa nini. Iandikwe kwamba mwanachama akifa, sehemu yake ya deni inalipwa na bima hiyo na haiendi kwa mjane. Na iandikwe, kwa jina lake na bila kuzungusha maneno, ni nani atakayebeba hasara asubuhi ambayo samaki wote watakutwa wamekufa: kikundi peke yake, mkopeshaji peke yake, au wote wawili, na kila mmoja kwa kiasi gani.